Kamba ya Mafundo Manane

Kila asubuhi kabla ya shule, mjukuu wangu Jolie huchukua bidoni yake ya njano, dumu la maji, na kushuka ziwani. Kutoka nyumbani kwetu Kimanga hadi majini ni hatua mia mbili na kumi na tano kwa miguu yake. Kwa miguu yangu ni mia tatu, maana mimi husimama kila penye mtu wa kusalimia, na pasipo mtu humngoja apite. Njia yenyewe tunaiita Njia ya Bidoni. Upande mmoja kuna ukuta wa kapela, kanisa letu dogo, upande wa pili kuna kiwanja cha Sévère, mwenye depo ya kuuza simenti. Katikati hupita wanawake na maji, wavuvi na nyavu, wauza samaki wadogo wa ndagala, mbuzi wa chefu wetu wa mtaa ambao hawaheshimu mtu, na watoto wanaoaga kwamba wanakwenda kufua kumbe wanakwenda kuogelea.

Njia hiyo ikifungwa, hatuna nyingine karibu. Itabidi tuzunguke hadi darajani, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na bidoni kichwani. Tena mvua kubwa ikishuka kutoka milimani, maji yote ya avenyu, barabara yetu ya mtaani, hukimbilia hapo kwenda ziwani. Pasipo hapo, yangekuja kulala na sisi kitandani.

Mtu aliyeilinda njia hiyo kwa miaka kumi na tisa alikuwa rafiki yangu, Anne Nkeshimana. Alikuwa na kamba moja na kaye moja, daftari la kawaida, basi. Alikufa mwaka huu, mwezi wa tatu. Najua wengi wakimtaja marehemu hushusha sauti. Mimi siishushi. Anne mwenyewe hakuwa na sauti ya chini. Hata alipokwenda kuungama, sisi tuliokuwa kwenye foleni nje tulizisikia dhambi zake zote, nazo zilikuwa chache na za kuchosha.

Tulianza naye darasa la kwanza kwenye benchi moja. Tulipofika la tano, mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kuwatuma wasichana wamchotee maji ya nyumbani kwake wakati wa somo la hesabu. Wavulana walibaki wakijifunza kugawanya. Siku moja Anne alitukusanya kisimani akatuambia tusiyapeleke maji kwa mwalimu, tuyapeleke darasani. Tukaingia wasichana tisa, ndoo vichwani, tukasimama ukutani kimya. Mwalimu akatuamuru tutue. Anne akasema, "Tutatua, mwalimu, tukishajua kugawanya." Shingo yangu iliuma siku tatu, na mgongo wangu uliuma zaidi kwa sababu ya fimbo. Lakini tangu juma lile wavulana nao walichota maji, na mimi nikajua kugawanya. Mpaka leo nikigawa nyama ya sikukuu hakuna anayenidanganya.

Mimi niliishia la sita. Anne aliendelea, akawa mtumishi wa usafi na afya katika mtaa wetu, kazi aliyoifanya miaka thelathini. Kipindupindu kilipokuja alipita nyumba kwa nyumba, akichungulia vyoo vya watu wakubwa na vya watu wadogo, na vya wakubwa ndivyo alivyovisema kwa sauti. Mtoto akizaliwa, aliandika jina la mtoto kwenye kiganja chake mwenyewe kwa kalamu ya bic, akamfuata baba hadi anapokunywa pombe, akampeleka ofisini kumwandikisha kabla siku tisini hazijapita. Jolie wangu ana cheti cha kuzaliwa kwa sababu ya kiganja hicho. Nilipomshukuru Anne, alikasirika. Aliniuliza ninamshukuru kwa nini, kwani amenipa chake? Amemletea mtoto kilicho cha mtoto.

Sasa habari ya kamba. Zamani watu wenye uwezo walikuwa wamekwisha kujenga kando ya ziwa, wakifunga njia moja baada ya nyingine, leo nusu mita, kesho nusu mita, mpaka mtu anaamka anakuta geti. Anne aliona. Akachukua kamba ya katani, akaifunga fundo kila mita moja, mafundo manane, kwa sababu ramani ya zamani ya mtaa inasema Njia ya Bidoni ina upana wa mita nane. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku ya salongo, watu wote wakiwa nje wanafagia na kuzibua mifereji, alikuwa anaivuta kamba kutoka ukuta wa kapela hadi kona ya kiwanja cha upande wa pili. Kisha aliandika kwenye kaye: tarehe, kipimo, na majina ya watu wazima wawili waliotazama, na saini zao. Kurasa alizitia namba kwa mkono wake, asije mtu akachana mmoja. Wengine walimcheka wakimwita fundi cherehani wa barabara. Alijibu kwamba barabara isiyopimwa hunyang'anywa nguo zake mchana kweupe.

Mwisho wa mwezi wa kwanza, Anne aliumwa. Mdogo wake anakaa Lemera, huko juu milimani kwenye hospitali, basi akapandishwa huko. Kabla ya kupanda pikipiki alimwita Jolie. Miaka miwili tayari Jolie ndiye aliyekuwa akimshikia ncha ya kamba. Akampa kamba na kaye.

"Weye utanipimia," alimwambia. "Usiandike kitu macho yako hayajakiona. Sawa?"

"Sawa, Tate," Jolie akajibu. Tate kwetu ni nyanya, na Anne alikuwa Tate wa watoto wote wa avenyu, apende asipende. Alipenda.

* * *

Anne alikaa Lemera miezi miwili karibu kwisha. Huku chini, Sévère akasimamisha mabati kuzunguka kona ya kiwanja chake. Alisema anajenga nyumba ya wageni, na mabati ni ya muda tu, matofali yasije yakamwangukia mtu. Mabati yalikuwa yameingia njiani. Tuliyaona sote. Mimi mwenyewe niliyapita kila siku na kikapu changu, nikajiambia ni ya muda. Mbuzi wa chefu ndio pekee waliolalamika, kwa sababu majani yao yalikuwa upande wa ndani.

Kisha Anne akafariki. Walimteremsha kwa gari, tukamzika siku hiyohiyo, na nyumbani kwake kukawekwa matanga. Juu ya meza ndogo tuliweka picha yake, na mbele ya picha kamba na kaye, kama vile wengine wanavyoweka rozari na miwani. Watu walikuja wengi. Hata Sévère alikuja, na makasha matatu ya soda, akiwa na uso mrefu kama ameununua pamoja nazo. Alikaa mezani kwa muda, akafunuafunua kaye, na nikamwona anatoa simu anapiga picha. Nilidhani anapiga picha ya marehemu. Nikasema moyoni, ee, kumbe naye ana machozi mahali fulani.

Kesho yake asubuhi mabati yalikuwa yameondolewa. Nyuma yake ukuta wa matofali ulikuwa umefika gotini, na mafundi wanachanganya simenti. Nilihesabu kwa hatua zangu. Njia ilikuwa imeliwa karibu mita mbili, na kile kilichobaki kilielekea kwenye msingi mwingine uliochimbwa mbele. Ukuta ukimalizika na geti likiwekwa, kwisha.

Nilimfuata Sévère. Alinisalimia vizuri, aliniletea hata kiti. Nilipomwonyesha ukuta kwa kidole, alinionyesha simu.

"Mama Furaha, minye sikushindani," alisema. "Soma mwenyewe. Mwezi wa pili, mita nane. Mwezi wa tatu, mita nane. Msingi wangu nimeuchimba mwezi wa pili mwanzoni. Kama ningekuwa nimeingia njiani, kaye ya marehemu ingesema. Weye unataka kusema Mama Anne alikuwa mwongo? Na hata juma moja hajamaliza kaburini?"

Nilirudi matangani. Nikavaa miwani, nikafungua kaye. Kweli, yalikuwa maandishi ya Jolie, mazuri, yamenyooka: mwezi wa pili, mita nane, hakuna shida. Mwezi wa tatu, mita nane, hakuna shida. Nikafunua ukurasa wa nyuma, ule ambao Sévère hakuutazama. Hapo palikuwa na mstari mmoja zaidi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne, mita nane, hakuna shida.

Siku ile tulikuwa tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa tatu.

Nilimkuta Jolie nyuma ya nyumba anaosha vikombe. Nikachuchumaa karibu naye, magoti yakalia.

"Jolie, weye ni nabii?" nikamwuliza.

"Hapana, Tate. Kwa nini?"

"Naona umepima njia Jumamosi inayokuja. Unisomee na hali ya hewa, nijue kama nianike mihogo."

Kikombe kilimponyoka. Hakusema uongo wa pili, hilo nampa. Alilia kwanza, kisha akaniambia yote. Mwezi wa pili mvua ilinyesha, na Bruno, mwenzake wa darasani ambaye angeshika ncha ya pili, hakutokea. Akajiambia njia haina miguu, jana ilikuwa mita nane, leo itakuwa mita nane. Akaandika akiwa mkekani, sahani ya bugali pembeni. Mwezi wa tatu kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Kwa kuwa bic ilikuwa mkononi, akaandika na mwezi wa nne, apumzike kabisa.

"Tuchane huo ukurasa, Tate," alisema. "Hakuna mtu atajua."

Nitawaambia kweli, nilifikiri. Kiberiti kilikuwa kiunoni mwangu, kwenye fundo la kitenge. Lakini kurasa zilikuwa na namba za Anne, na picha ilikuwa kwenye simu ya Sévère. Zaidi ya hayo, kaye iliyochanwa ingemfaa Sévère kuliko Anne.

"Basi sema weye," akaniomba. "Weye watu wanakusikiliza."

Nilimwambia kwamba mimi watu wananisikiliza kwa sababu ninawachekesha, na jambo hili si la kuchekesha. Mkono ulioandika ni wake. Akasema watamcheka shuleni. Nikamwambia ndiyo, watamcheka, labda mpaka likizo. Lakini ukuta ule utakuwepo na watoto wake watauzunguka na bidoni.

Ndipo akaniuliza, "Minye nikisema niliandika uongo, si watasema kaye yote ya Tate Anne ni uongo?"

Tukaichukua kaye tukaenda kukaa nyuma ya choo, mahali pekee penye utulivu kwenye matanga. Tuliisoma tangu ukurasa wa kwanza, yeye akisoma, mimi nikifukuza inzi. Miaka kumi na tisa. Kila mstari ulikuwa na saini mbili za mashahidi. Kila mstari, isipokuwa mitatu ya mwisho. Jolie hakuweza kupata mashahidi wa kitu kisichofanyika. Na kwenye ukurasa wa sitini na moja, mwaka ule Sévère aliponunua kiwanja, Anne alikuwa amemwita jirani mpya ashuhudie. Mita nane, kutoka ukuta wa kapela hadi kona ya kiwanja cha Sévère. Chini yake saini ndefu yenye mikia miwili, kama ya waziri.

Nilicheka mpaka inzi wakaondoka wenyewe. Lakini saini peke yake haikutosha. Sévère angesema: wakati ule mita nane, na mwezi wa tatu mita nane, basi kona yangu haijasogea. Ile mistari ya uongo ndiyo iliyokuwa ngao yake, na mtu mmoja tu ndiye angeweza kuivunja.

* * *

Kabla ya yote, ilibidi kazi ya simenti isimame. Hapo nilikuwa na dawa.

Kwetu, penye msiba huwekwa matawi ya mitende njiani. Pikipiki hupunguza mwendo, gari hupunguza mwendo, hata mwenye bunduki huvua kofia. Na hakuna anayegonga nyundo wala kuchanganya simenti mbele ya matanga. Atakayethubutu, watu watamtaja vibaya mpaka kwa wajukuu wake. Sasa uwanja wa Anne ni mdogo, nusu yake iliingia majini mwaka ziwa lilipopanda. Nilikwenda kwa chefu wa mtaa, Papa Tariki, nikamwambia wageni wamekosa pa kukaa, je, tuhamishie matanga pale kwenye Njia ya Bidoni, jirani na kapela, marehemu aliipenda sana. Chefu alisema hilo ni wazo zuri. Sikumwambia mengine. Chefu ana umri wa kustahili kushtushwa polepole.

Saa tisa alasiri tulikuwa tumekwisha funga turubai kutoka ukuta wa kapela hadi kwenye ukuta mpya wa Sévère. Sufuria zikawekwa, sombe, majani yetu ya mihogo, ikawekwa motoni, matawi ya mitende pande zote mbili. Mimi nilikaa juu ya mfuko wa simenti, ni laini kuliko unavyodhani. Norbert, mkubwa wa mafundi, alitazama matawi, akavua kofia, akawaambia wenzake waoshe vyombo. Sévère alikuja mbio.

"Mama Furaha, hapa iko kazi," alisema.

"Hapa iko matanga, mwanangu. Keti, utaletewa soda. Ni zile zako."

Akaketi. Angefanya nini?

Siku ya tatu ni siku ya ushuhuda. Anayetaka anasimama na kusema jinsi alivyomjua marehemu, kisha matanga yanaisha na watu wanarudi kazini. Avenyu nzima ilikuwepo, na chefu alikaa mbele. Mimi ndiye niliyeshika zamu ya kuita wasemaji, kazi ambayo wananipa kwa sababu ninawakatiza wanaochelewa kumaliza. Nilimwita Sévère kwanza. Alimsifu Anne vizuri, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, akasema alikuwa mama wa haki. Alipotaka kukaa nikamwomba, yeye aliye mtu wa vipimo, atuambie neno juu ya kaye ya marehemu.

"Kaye hii ni ya heshima," alisema, na mkono kifuani. "Kila kilichoandikwa humu kwa ushuhuda wa watu, minye nakikubali. Leo na kesho."

Nilimshukuru. Kisha nikatazama upande wa watoto. Sikuita jina. Nilimwahidi Jolie kwamba sitamwita, na kwamba asiposimama sitamsema, si pale wala nyumbani. Nilinyamaza. Watu wanaonijua walianza kuogopa, kwa maana mimi sinyamazi. Nilihesabu shanga za rozari kumi, kumi na tano. Nikawaza, hatasimama. Nikawaza, Anne, nisamehe, tutazunguka darajani.

Jolie akasimama.

"Minye naitwa Jolie," alisema, kama vile kulikuwa na asiyemjua. "Tate Anne aliniachia kamba. Aliniambia nisiandike kitu sijakiona. Mwezi wa pili sikupima. Mwezi wa tatu sikupima. Niliandika tu mita nane. Hata mwezi wa nne nimeshaandika, na bado haujafika." Mtu mmoja alicheka, nikamtazama, akaacha. "Ile mistari mitatu ni uongo wangu. Si wa Tate Anne. Yake yote iko na mashahidi, yangu haina. Naomba chefu aangalie. Halafu naomba tupime, sasa hivi, mbele ya kila mtu."

Sévère alikuwa amekwisha simama. Alisema, kwa sauti iliyopoteza Kifaransa chote, kwamba basi kaye nzima ni michezo ya watoto, itupwe.

"Dakika mbili zilizopita ilikuwa ya heshima," nilimwambia. "Chefu, ukurasa wa sitini na moja."

Chefu aliusoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata maneno. Alipofika kwenye saini, aliigeuza kaye ili wote waione, kisha akamwuliza Sévère kama mikia ile miwili ni yake. Sévère aliinama kufuta vumbi la simenti kwenye kiatu. Bruno alishika ncha moja ya kamba ukutani kwa kapela, Jolie akaivuta ncha nyingine kuelekea matofali mapya. Watoto walihesabu mafundo kwa sauti, na watu wazima wakajiunga nao. Moja, mbili, tatu. Walipofika sita, mkono wa Jolie uligusa tofali. Mafundo mawili yalibaki yananing'inia hewani.

Chefu aliinuka, akaja kuyahesabu yale mawili mwenyewe.

"Labda ni kapela iliyosogea," Sévère akasema.

"Ikiwa imesogea ni muujiza," nikamjibu, "na padri angekuwa amekwisha tangaza michango."

Hapo ndipo watu walipocheka, mpaka wanawake waliokuwa wakilia wakashika mbavu. Anne angependa. Chefu hakucheka. Aliandika palepale kwamba ukuta utolewe na msingi ufukiwe, akatia muhuri. Sévère aliichukua karatasi, akaikunja vizuri mara nne, akasema jambo hili tutalitazama matanga yakiisha, mtu akiwa ametulia. Alitabasamu. Alijua kwamba jioni ile tungefungua turubai, kila mmoja aende kwake, na karatasi zina tabia ya kulala mezani.

Nami nilikuwa najua kwamba anajua.

"Basi matanga hayajaisha," nikasema.

Niliketi tena juu ya mfuko wangu wa simenti. Mama Noella, muuza ndagala, akaketi. Wanawake wa avenyu nzima wakaketi, mmoja baada ya mwingine. Tulikaa siku ile, na ya pili yake, na ya tatu. Wenye biashara waliuza hapohapo chini ya turubai. Watoto walitoka shuleni wakafanya kazi zao za nyumbani juu ya matofali ya Sévère. Alituma watu kutuuliza matanga gani haya yasiyo na mwisho. Tuliwajibu kwamba marehemu alikuwa mtu mkubwa, na huzuni yetu ina mita mbili ambazo bado hazijarudi. Alitishia kuleta askari. Askari wawili wakaja kweli, wakaona matawi ya mitende, wakavua kofia, wakala sombe, wakaenda.

Siku ya sita, Norbert alikuja na nyundo, amevua kofia yake. Alituomba radhi kwa kugonga mbele ya msiba. Alisema mama yake anachota maji kwa njia hii tangu kabla hajamzaa. Akapiga tofali la kwanza. Jioni, Sévère mwenyewe akatuma mafundi wengine wamalizie, na msingi ukafukiwa. Tukaondoa matawi. Soda zake zilikuwa zimekwisha.

* * *

Jumamosi ya salongo iliyofuata, Jolie alikaa na kaye magotini, bic mkononi. Alitaka kufuta ile mistari mitatu kwa weupe wa dukani wa kufutia wino. Nilimzuia.

"Usifute," nilimwambia. "Andika pembeni yake kwamba ni uongo, na utie jina lako. Ukiufuta, siku moja mtu atauliza palikuwa na nini pale, na ataogopa kuliamini lile lililobaki. Kosa lililokubaliwa halikuharibu kaye ya Anne, mjukuu wangu. Lile lililofichwa ndilo lilitaka kuiua. Weye uliandika mistari kwa uvivu, na mtu mwenye nguvu akaifanya ukuta. Hivyo ndivyo wanavyotunyang'anya: wanangoja siku ile sisi wenyewe tumechoka kutazama. Mimi nami nilichoka. Nilipita penye mabati kila siku, nikasema ni ya muda. Kwa hiyo usidhani nakufundisha nikiwa juu ya kiti. Tunajifunza wote wawili, ila mimi nina magoti mabaya."

Aliandika. Uongo. Jolie. Mara tatu. Kisha tukashuka na kamba. Shuleni walikuwa bado wanamwita Nabii, na ataendelea kuitwa hivyo kwa muda, jina ni zuri na mimi ndiye niliyelianzisha, lilinitoka tena mdomoni pale chini ya turubai. Lakini Bruno alikuja mapema, kabla ya kuitwa, na watoto wengine watano nyuma yake, kila mmoja akitaka kushika ncha.

Wakaivuta. Fundo la nane lilikaa sawasawa kwenye kona ya kiwanja. Mimi nilikuwa nimekaa kivulini, nikapaza sauti waniletee hiyo kaye nitie saini ya shahidi, jua lilikuwa kali.

Jolie akaja, akaishika kaye kifuani na hakunipa.

"Inuka kwanza, Tate," alisema. "Uje uone fundo kwa macho yako."

Nikainuka. Nilinung'unika njia nzima, mita nane kamili, ili asinione ninacheka.